Usikate, Nakukabidhi kwa Mwenzangu

Lifti ilikwama Ijumaa mchana, jengo zima likiwa na haraka. Ndani walibanana wanunuzi na mifuko yao, mzee mmoja na fimbo yake, na dada wa gauni la njano aliyekumbatia sanduku la keki kama kichanga. Taa ikazimika, ikawaka, ikazimika tena. Watu wakaanza kumlaumu mwenye jengo, kisha wakamgeukia yule mzee, eti ndiye aliyebonyeza vibaya.

Dada wa gauni la njano hakumlaumu mtu. Moyo ulikuwa unamwenda mbio, vidole vimemwingia baridi, pumzi haimtoshi. Hali hiyo aliijua. Ilikuwa ikimjia kazini, barabarani, hata foleni ya benki, na hakuna aliyewahi kuambiwa.

Sauti ikapenya mlangoni. "Jamani, mimi fundi. Hamwanguki, nimeshaishika. Kuna mtu ana kitu cha kuharibika humo?"

"Mimi," akajibu kwa shida. "Keki ya harusi."

"Ya ghorofa ngapi?"

"Tatu."

"Basi wewe una jengo lako, mimi nina lifti tu. Hebu niambie, huko juu umepamba nini?"

Akamweleza maua ya sukari, akamweleza utepe, akamweleza bwana harusi aliyetaka sura yake ichorwe pembeni akakataliwa na bibi harusi. Mlango ulipofunguka, pumzi ilikuwa imerudi bila yeye kujua ilirudi saa ngapi. Mbele yake alisimama kijana mrefu wa ovaroli ya bluu, grisi mpaka kwenye nyusi, anatabasamu kama aliyelipwa kutabasamu.

"Keki haijambo?"

"Haijambo."

"Na mwenyewe?"

Mapenzi hayana adabu, ndugu zangu. Hayapigi hodi, wala hayasubiri mtu anawe mikono. Namba ya simu ikaandikwa juu ya sanduku la keki, na maharusi wale mpaka leo hawajui ni ya nani.

Wakapendana vizuri. Yeye akaitwa Keki, kijana akaitwa Fundi, na simu zikawa hazipoi.

"Keki, umekula?"

"Nimeonja krimu tangu asubuhi, nile nini tena? Wewe uko wapi?"

"Nimening'inia juu ya lifti."

"Na unaongea na simu? Shuka, Fundi. Sitaki kuwa mjane kabla sijaolewa."

"Kwa hiyo unataka kuolewa?"

"Nimesema shuka."

Jambo moja tu Fundi hakulieleza sawasawa. Kila Jumamosi asubuhi alizima simu yake. Alipoulizwa, alisema, "Kuna mahali najitolea. Tumekubaliana tusitangaze." Keki hakumchimba, kwa sababu na yeye alikuwa na lake. Kwao walikuwa na shangazi aliyekuwa akipatwa na hofu kama hizi, na wageni wakija alikuwa akifungiwa chumba cha nyuma. Dada yake mkubwa, ndiye pekee aliyewahi kumwona akitetemeka, alikuwa amemwambia waziwazi, "Mdogo wangu, hilo lifunike. Mwanamume akijua, huna mwanamume." Keki alimpenda Fundi kwelikweli, na alichoogopa kuliko kufa ni kuonwa naye katika hali ile.

Jumamosi moja, keki ya watu ikiwa mezani na gari la kuipeleka likipiga honi nje, hali ikamkamata. Akajifungia stoo kati ya magunia ya unga. Mlangoni mle mtu wa afya ya jamii alikuwa amebandika karatasi: *Moyo mzito? Piga, tunasikiliza. Ni bure.* Akapiga huku masikio yanamlia.

"Habari. Niko hapa, nakusikiliza. Huna haja ya kutaja jina."

Akamwaga yote. Kifua, pumzi, shangazi, chumba cha nyuma. "Na nina mpenzi wangu, fundi wa lifti, hajui kitu. Akijua ataniacha."

Upande wa pili kiti kikasikika kikisogezwa. Kisha sauti ikasema, taratibu mno, "Dada, samahani. Usikate, nakukabidhi kwa mwenzangu sasa hivi."

Hapo ndipo Keki alipoitambua ile sauti. Alitaka ardhi ipasuke immeze, magunia na yote.

Mama mmoja akapokea, akamvutisha pumzi pole pole mpaka moyo ukatulia. Akamwelekeza kwa mshauri wa zahanati ya mtaa, asiyetoza kitu, na kwenye kikundi kinachokutana kila Alhamisi ukumbi wa maktaba. Keki aliitikia kila kitu. Moyoni alikuwa na neno moja tu: amenikimbia.

Jioni Fundi akapiga. "Umeshindaje, Keki wangu?"

"Salama."

"Salama salimini?"

"Kwani wewe una la kuniambia?"

Fundi akavuta pumzi. "Mimi sina. Wewe je? Chochote kile, hata kiwe kizito vipi."

"Sina."

Akakata, akalia mpaka shuka ikalowa. Mtu kasikia siri yake yote, kamtupia mwingine, halafu anamwuliza ameshindaje. Tangu hapo simu za Fundi zikawa zinaita zenyewe mpaka zinachoka. Alikuja dukani na ovaroli iliyopigwa pasi, kitu ambacho hakijawahi kuonekana duniani, akaambiwa Keki hayupo. Alikuwepo, nyuma ya jokofu.

Dada yake alipopata habari, akasema, "Nilikwambia."

"Ulinifundisha kujificha, dada. Nimejificha na bado nimeachwa. Sasa nifanyeje?"

Basi Alhamisi Keki akavaa gauni lilelile la njano, akaenda maktaba kwa hasira, zaidi apate wa kumlalamikia.

Viti vilikuwa vimepangwa duara. Alikuwepo dereva wa lori asiyepata usingizi, muuguzi aliyefiwa, na msimamizi, mama mnene wa miwani, ambaye sauti yake Keki aliijua mara moja. Ndiye aliyempokea kwenye simu. Zamu yake ilipofika, Keki akasema, "Mimi nilipiga simu yenu nikatupwa. Katikati ya maneno yangu."

Akaeleza. Msimamizi akamsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Mwanangu, hujatupwa. Msikilizaji akigundua anamfahamu anayepiga, anamkabidhi kwa mwingine palepale. Ndiyo kanuni yetu. Na akitoka pale haruhusiwi kukugusia, hata mnalala kitanda kimoja, mpaka mwenye siri afungue mdomo wake. Siri ni yako, si yake."

"Hata akiona nateseka?"

"Hata hapo. Mimi mume wangu alipiga. Nikamkabidhi, nikarudi nyumbani nikampakulia chakula na kumwuliza habari za kazi. Tulikula sahani moja hivyo mpaka siku alipoongea mwenyewe. Unadhani chakula kilikuwa kinashuka?"

Dereva wa lori akacheka, na Keki akajikuta anacheka na machozi yanamtoka. Chochote kile, hata kiwe kizito vipi. Masikini Fundi, alikuwa anamwomba amfungue mdomo.

"Naomba ruhusa," akasema, tayari amesimama.

"Nenda," msimamizi akamjibu. "Lakini wiki ijayo urudi. Huyo kijana si dawa."

Akampigia Fundi barabarani, huku anatembea nusu mbio. "Uko wapi?"

"Keki? Jengo la bima. Nime..."

"Shuka."

Alimkuta ukumbi wa chini, watu wanapita na mafaili yao, na bango la matengenezo limesimamishwa mbele ya lifti. Grisi imerudi kwenye nyusi.

"Jumamosi aliyepiga ni mimi," akasema.

Fundi akakaa juu ya sanduku lake la vifaa. "Asante," akasema. "Asante, Keki. Ulimi ulikuwa unaniwasha kama nimelamba pilipili. Ulisema nikijua nitakuacha, na mimi nimejua, na sikuruhusiwa hata kukwambia kwamba siendi popote. Nilikuwa nataka kukuuliza jambo tangu..."

Akasita, kwa sababu uso wa Keki ulikuwa umebadilika.

"Inakuja," Keki akanong'ona. "Sasa hivi. Usiniangalie."

"Nitakuangalia," akasema Fundi.

Ikaja, mchana kweupe, mbele ya walinzi na makarani. Keki akaketi sakafuni na gauni lake la njano, na Fundi akaketi naye, mkono kwa mkono. Hakumwuliza habari za maua. Mlinzi alipokuja kuuliza kuna nini, Fundi akamjibu, "Mpenzi wangu amepatwa na hofu. Itapita. Tusaidie maji." Alisema kwa sauti yake ya kawaida, watu wote wakasikia, na hakuna aliyeanguka.

Ikapita. Keki akanywa maji, akajifuta uso kwa mkono uliojaa grisi ya mwenzake.

"Ndiyo," akasema.

"Ndiyo nini? Sijauliza."

"Basi uliza, nimeshajibu."

Akauliza, palepale sakafuni, na mlinzi ndiye aliyepiga vigelegele. Walipoinuka, Fundi akamshika kiuno. "Alhamisi nakusindikiza maktaba."

"Mpaka mlangoni," Keki akamwambia. "Ndani ni pangu."