Mwamuzi Alitazama Wapi

"Mama ameikalia," kijana alisema, akaweka juu ya kaunta miwani iliyopinda kama buibui aliyekanyagwa.

Duka la miwani lilikuwa limejaa. Ilikuwa Jumamosi, siku ambayo kila mtu mjini hukumbuka kwamba haoni vizuri. Watoto walikuwa wakijaribu fremu za maonyesho, mzee mmoja alikuwa akigombana na kioo, na dada wa nyuma ya kaunta, mwenye koti jeupe na kitambaa cha kijani kichwani, hakuinua hata uso.

"Ameikalia au ameilalia?"

"Kuikalia tu. Mama yangu amebarikiwa."

Dada akacheka bila kutaka, na hapo ndipo alipoinua macho. Aliona kijana mrefu, trakisuti ya kijivu iliyofifia magotini, filimbi shingoni, na begani mkoba mwembamba wenye kichwa kipana.

"Unacheza badminton," alisema.

"Ee! Wengine huniuliza kama naenda kupiga gitaa. Umejuaje?"

"Mimi ni mwamuzi. Siku za kazi nakata lenzi, Jumapili nahesabu pointi."

"Yaani wewe ndiye unayekaa kwenye kile kiti kirefu, kama mlinzi wa shamba la mahindi?"

"Ndiye mimi. Na ukiendelea na mdomo huo, nakutoa nje kabla hujacheza."

Kijana alikuwa mwalimu wa michezo, amehamishiwa shule moja ya mjini mwanzoni mwa muhula. Alipokuja kuchukua miwani alikuwa amevaa shati la mikono mirefu na kunyoa ndevu, jambo ambalo mtu hafanyi kwa ajili ya miwani ya mama yake. Yeye akamwita Refa, naye Refa akamwita Mwalimu, na majina hayo yakawakaa kuliko yale waliyopewa na wazazi.

Simu zikaanza.

"Refa, umekula?"

"Nimekula."

"Nihesabie pointi moja kwa kuuliza."

"Mapenzi hayahesabiwi, Mwalimu."

"Hayo anasema mtu anayelipwa kuhesabu!"

"Nani kakudanganya kwamba tunalipwa? Tunapewa chupa ya maji na fulana isiyotosha."

Refa alimweleza kazi yake taratibu, wakitembea kutoka dukani jioni. Kinyoya, kile kimpira cha manyoya, kikianguka karibu na mstari, kuna waamuzi wa mstari wa kutazama. Yeye aliye juu anatazama wavu. Mchezaji akiugusa wavu kinyoya kikiwa bado hewani, ni kosa, na pointi inakwenda kwa mwenzake.

"Na mimi utanitazama saa ngapi?" Mwalimu akauliza.

"Wewe sitakutazama. Mechi zako sitachezesha hata moja. Nitamwambia mwamuzi mkuu habari zetu kabla ya mashindano."

Alikusudia kweli. Lakini mwamuzi mkuu alikuwa mzee mpole wa umri wa baba yake, na kila Refa alipomkaribia kusema, "Mzee, nina mpenzi," maneno yaligeuka kuwa, "Mzee, habari za nyumbani?"

Mashindano ya mwaka huo hayakuwa ya kombe tu. Mshindi angepelekwa nje ya nchi kusomea ukocha mwaka mzima, kila kitu kimelipiwa. Mwalimu aliitaka nafasi hiyo kama mtu anavyotaka hewa. Aliitaka pia Mashoto, fundi wa majokofu anayepiga kwa mkono wa kushoto, mchezaji mkongwe kuliko wote ukumbini, ambaye umri unaoruhusiwa ulikuwa unamwishia. Wakakutana wawili hao fainali.

Asubuhi ya fainali, mwamuzi aliyepangwa akashikwa na tumbo.

"Binti, panda wewe," mwamuzi mkuu alimwambia Refa.

Refa alikuwa amesimama ukutani na suruali yake nyeusi iliyopigwa pasi na shati la bluu la waamuzi. Akafungua mdomo. Mzee alikuwa ameshageuka, anapiga kelele kuhusu taa. Refa akaangalia kiti kile kirefu, akaangalia mgongo wa mzee, na miguu ikampeleka kwenye kiti kana kwamba si yake.

Alichezesha vizuri. Seti ya kwanza ya Mwalimu, ya pili ya Mashoto, naye sauti yake haikutetemeka. Alimnyima Mwalimu pointi mbili ambazo ukumbi mzima ulizililia. Seti ya tatu ikafika ishirini kwa kumi na tisa, Mwalimu mbele, akibakiza pointi moja tu.

Kinyoya kikaenda, kikarudi, kikapandishwa juu karibu na wavu. Mwalimu akaruka mbele na kukipiga chini kwa nguvu zote. Mkono wa fulana yake ukaugusa wavu, wakati kinyoya kilikuwa hakijafika sakafuni.

Refa hakuona. Mwalimu akifika mahali pagumu hutoa ulimi pembeni mwa mdomo, kama mtoto anayejifunza kuandika. Refa alikuwa anautazama ulimi huo. Kufumba na kufumbua tu, hakuwa mwamuzi. Alikuwa mwanamke aliyekaa juu ya kiti, anampenda mtu.

"Mchezo!" akatangaza.

Mashoto akautazama wavu. Akamtazama Refa. Kisha akamtazama Mwalimu, akangoja. Mwalimu akainamisha macho, halafu, kwa kuwa watu walikuwa wameshaanza kushangilia, akainua mikono.

Hapo ndipo Refa alipoona wavu bado unachezacheza, akaelewa. Lakini mwamuzi hahukumu wavu unaotikisika, anahukumu alichokiona, naye hakuona kitu. Alibaki amekaa.

"Refa muuza miwani!" mtu akapiga kelele kutoka viti vya nyuma. "Jipime wewe kwanza!"

Ukumbi ukaangua kicheko.

Jioni simu iliita, na kwa mara ya kwanza Mwalimu hakuuliza kama amekula.

"Kwa nini hukuita kosa?"

"Sikuona."

"Wewe? Wewe unayeona unywele juu ya lenzi?"

"Mwalimu, haki ya Mungu sikuona."

"Ulinihurumia. Uliona simuwezi Mashoto, ukanipa ushindi kama mtoto anavyopewa pipi anyamaze. Sasa nikienda huko, nitajua kila siku kwamba nilipelekwa na mchumba."

"Na wewe ulijua umegusa?"

Upande wa pili ulisikika mlango ukifungwa.

"Nakuuliza. Mbona hukuinua mkono ukasema?"

Simu ikakatwa.

Refa aliishika mkononi mpaka ikazima mwanga. Angeweza kumpigia na kumwambia alikuwa anatazama nini. Lakini utamwambiaje mtu aliyekasirika kwamba umemharibia maisha kwa sababu ya ulimi wake?

Alichoweza kufanya alikifanya. Alikwenda kwa mwamuzi mkuu, akasema yote akiwa amesimama.

"Nilipokwambia upande kiti, kwa nini hukusema?" mzee akauliza.

"Nilifungua mdomo, mzee. Ulikuwa umeshageuka."

"Ungeniita, binti. Mimi si kiziwi."

Mzee akamsimamisha kazi ya uamuzi msimu mzima, kwa sauti ya upole iliyouma kuliko kufokewa.

"Na matokeo, mzee?"

"Yameshasainiwa, na hakuna aliyekata rufaa. Yanabaki yalivyo."

Akatoka nje, jua likampiga usoni. Amesema kweli, ameadhibiwa, na hakuna kilichobadilika kwa mtu yeyote.

Mwalimu naye alikuwa anahangaika upande wake. Alienda kwa waliotoa nafasi, akawaomba wampe Mashoto. Wakamjibu kwamba nafasi ni ya mshindi. Akiikataa inafutwa, haendi mtu. Akajaribu kumpigia Refa, akakata kabla haijaita. Mama yake akamwangalia akizungusha kijiko kwenye chai iliyopoa.

"Hicho kikombe kimekukosea nini?"

"Mama, niache."

"Nikuache wapi? Nyumba ni ndogo. Nenda kaombe msamaha."

"Kwa nani?"

"Sijui. Lakini uso huo ni wa mtu anayedaiwa samahani."

Akaenda kwanza kwa Mashoto. Alimkuta kibandani kwake, nusu ya mwili imeingia ndani ya jokofu la bucha, shati limelowa jasho.

"Kaka," Mwalimu alianza, "niligusa wavu."

"Najua. Nilikuwa mbele yako." Mashoto hakutoa kichwa. "Nipe hiyo koleo."

Mwalimu akampa. "Nataka kuikataa ile nafasi."

Sasa kichwa kikatoka. "Ukikataa, wananipa mimi?"

"Hapana. Inafutwa."

"Kwa hiyo umeninyang'anya, halafu unakwenda kutupa jalalani. Mimi nifaidike nini? Nije kukutembelea tulie wote?" Akajifuta mikono. "Sikiliza, mdogo wangu. Yule dada sina shida naye. Mwamuzi ni mtu, anapitwa. Shida yangu ni wewe. Nilikutazama, nikakungojea. Neno moja tu, 'nimegusa.' Tungekuwa ishirini kwa ishirini, na pengine ungenifunga tu, maana magoti yalikuwa yameshagoma."

"Nilitaka kusema."

"Najua ulitaka. Nenda ukasome. Ukirudi, ukafundisha watoto, wafundishe hilo kwanza kabla ya kushika raketi."

"Umenisamehe?"

"Bado," Mashoto alisema, akarudi ndani ya jokofu. "Nikishasamehe nitakwambia."

Mwalimu alitembea hadi duka la miwani bila kujua amepita barabara gani. Refa alikuwa peke yake, amevaa gauni la zambarau chini ya koti lililofunguka, macho yamevimba.

"Tumefunga," alisema.

"Mlango uko wazi."

"Basi tumefunga kwa watu fulani."

"Refa, nilikukasirikia wewe ili nisijikasirikie mimi. Niligusa, nikajua, nikanyamaza. Ukasema hukuona, nikaona afadhali wewe uwe mwongo kuliko mimi kuwa mwizi. Nisamehe."

Mabega ya Refa yakaanza kutetemeka. Mwalimu alidhani analia. Alikuwa anacheka na kulia pamoja.

"Unajua nilikuwa natazama nini?"

"Nini?"

"Ulimi wako."

"Ulimi?"

"Unautoa ukikaza akili. Hivi." Akamwonyesha. "Nilitakiwa kutazama wavu, nikatazama huo. Mashoto wa watu amepoteza mwaka wake kwa sababu mimi nimependa ulimi. Sasa hilo nimwambie nani? Nikiandikie chama cha badminton?"

Mwalimu akaufunika mdomo wake kwa kiganja, ingawa alikuwa ameshachelewa kuufunika. Alitaka kucheka, akamkumbuka Mashoto, akashindwa. Akazunguka kaunta na kumshika mikono, wakasimama hivyo, wawili waliopata walichotaka na hawawezi kukifurahia.

"Hatuwezi kurekebisha," Refa alisema kwenye bega lake.

"Hatuwezi."

"Nimejaribu."

"Najua, mpenzi. Na mimi nimejaribu."

Siku ya safari uwanja wa ndege ulikuwa umejaa masanduku, maua ya plastiki na watu wanaopiga picha. Mama alikuwa ameshalia nyumbani, akasema hapa anakuja kuangalia ndege tu. Mwalimu, ndani ya koti jipya lililombana makwapani, alimvuta Refa kando.

"Nataka kukuuliza kitu."

"Usiniulize hapa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ukiniuliza hapa nitakubali. Angalia hali yangu, hata kukataa soda siwezi leo. Na mtu hapaswi kukubali jambo kubwa hivyo akiwa hivi. Mwaka ni mrefu. Huko utakutana na watu. Mimi hapa sina hata kiti cha kukalia Jumapili. Kwa hiyo nakuomba, tulia, nenda, soma, urudi na akili zako, uniulize nikiwa na zangu."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Utaolewa na mimi?"

"Ndiyo," Refa alisema. Kisha akampiga kifuani kwa ngumi mbili dhaifu, machozi yakimtiririka hadi kidevuni. "Umeona? Si nilikwambia!"

Spika ikaita abiria. Walisimama wameng'ang'aniana katikati ya njia, masanduku yakiwapita kulia na kushoto, mpaka msukuma toroli mmoja akasimama nyuma yao, akangoja, akakohoa, na mwishowe akaona hana la kufanya ila kuwazunguka.