Kidonda cha Mama na Jibu la Simu

"Simu imeshasema. Ni mafuta ya korosho."

"Simu ilikuja lini kunichungulia mdomo?"

"Mama, si wewe mwenyewe uliyesema ni korosho?"

"Nilisema. Basi niache nibangue."

Mama yake Faraji alikuwa amechoka. Pale kijijini Mpapura watu wengi wanabangua korosho, na maganda yake yana mafuta yanayounguza. Yeye korosho ikimshinda mkononi, anaimalizia kwa meno. Kwa hiyo kilipomtoka kidonda pembeni ya ulimi, hakuna aliyeshtuka. Mavuno yakaisha, kidonda bado kipo. Faraji akaiuliza akili mnemba kwenye simu: mafuta ya korosho yakiunguza ulimi, dawa yake nini? Ikajibu: sukutua maji ya chumvi. Mama akasukutua mpaka akachoka.

Nesi Witness alikuwa kwa jirani, amekuja kuchanja watoto. Akasikia kelele, akasogea. Akaisoma simu ya Faraji.

"Mdogo wangu, jibu umelitoa wewe. Umeiambia ni korosho, ikakufuata. Umeiambia kidonda kina muda gani?"

"Hapana."

"Iambie."

Faraji akaandika. Simu ikajibu: kidonda cha mdomoni kikizidi wiki tatu, muone daktari. Kinaweza kuwa saratani.

Mama akaiweka korosho chini. "Imegeuza maneno. Na wewe nesi unaiamini?"

"Peke yake, siiamini. Lakini hata madaktari wengine wanaitumia hiyo akili mnemba kwenye picha za wagonjwa. Inawaonyesha pa kutazama, halafu wanatazama wenyewe. Wanachukua kinyama kidogo cha kidonda, wanapima. Simu haiwezi kupima kinyama. Nenda hospitali mjini, mama."

"Nimechoka, mwanangu."

"Nenda na uchovu wako."

Wakaenda. Kinyama kikapimwa. Ilikuwa saratani, bado changa. Ikakatwa. Karatasi za hospitali zilikuwa na maneno magumu. Faraji akaiuliza simu maana yake, kisha akampelekea daktari majibu. Daktari akakubali mengine, akakataa moja.

Siku hizi mama anaongea taratibu. Anakula. Kliniki haachi.

Jana jirani yao Halima alikuja ameshika shavu.

"Faraji, niulizie hiyo simu yako. Fizi hii inanisumbua tangu Ramadhani. Ni korosho tu."

Faraji akatoa simu. Mama akainuka, akajitanda kanga.

"Mtaiuliza njiani," alisema. "Gari la mjini halitusubiri."

Akageuka, akawatangulia barabarani.