Romana Ajifunza Kumzuia Benedikto

Kila mchana Romana aliingia chumbani na sahani ya ugali, akafunga mlango, akamlisha mumewe. Benedikto alipata kiharusi wakati wa mavuno ya mpunga, na mkono wake wa kulia ukalegea. Kula kwa mkono wa kushoto mbele ya wanaume wenzake aliona ni aibu. Kulishwa mbele yao kulikuwa aibu kubwa zaidi. Kwa hiyo alijificha.

Romana alifanya yote. Alimwogesha, alimvalisha, alimnyanyulia mkono. Miezi minne ikapita bila nafuu.

Siku moja Prisila, mtaalamu wa mazoezi ya viungo kutoka Mpanda mjini, alifika kwao Sibwesa. Kwanza alitazama tu.

"Mama Evaline, hapa anayefanya kazi ni nani? Wewe au mkono wake?"

"Ni mimi. Kwani mgonjwa si yeye?"

"Basi anayepata nguvu ni wewe."

Prisila aliuweka mkono wa Benedikto kando ya paja la kulia, vidole vikiwa wazi. "Mzee, kunja vidole. Sasa vuta mkono juu, upite mbele ya uso mpaka sikio la kushoto. Ufuate kwa macho." Papo hapo alimshika kiganja, akamzuia kidogo.

Romana alishtuka. "Unamzuia? Mtu anahangaika hivyo!"

"Namzuia ili misuli ipate kitu cha kushindana nacho. Ukimbebea mkono, misuli inalala. Ukimzuia mno, inakata tamaa. Uzito wako uwe ule anaoweza kuushinda. Akisikia maumivu, acha. Na usiuvute mkono wake kwa nguvu kamwe."

"Watu wakinikuta napigana na mume wangu mgonjwa, nitasema nini?"

"Waambie nimekushinda," alisema Benedikto.

Tangu hapo, asubuhi na jioni, sauti ya Romana ilisikika uani: "Vuta! Vuta, Baba Evaline!" Mwanzoni mkono uliishia kifuani. Kila aliporudi, Prisila alimsahihisha Romana zaidi kuliko mgonjwa, kwa sababu huruma ilimfanya asahau na kubeba tena. Mwezi wa tatu wa mazoezi mkono ulifika mdomoni.

Jumapili moja Benedikto alitoka nje, akaketi mkekani na jirani yake, Zablon. Wakanawa. Tonge la kwanza lilianguka. Romana alinyoosha mkono amsaidie, kisha akaurudisha na kuukalia. Tonge la pili lilitetemeka njia nzima, likaingia.

Zablon alilivuta bakuli la samaki upande wake. "Bwana wee, taratibu! Tuachie na sisi."

Benedikto alikuwa anatafuna.