Hodi, Babu wa Korongoni

— Wewe, unabisha hodi kwa nani?

Nilimuuliza huku nacheka. Tulikuwa tunashuka ngazi za mawe zilizojengwa na watu wa kale, chini kabisa mto unanguruma kati ya kuta mbili za korongo. Mchumba wangu, mtu mzima, fundi umeme mwenye heshima zake, kafika kwenye jiwe moja, kaligonga kwa kisigino mara mbili, kanong'ona, "Hodi, Babu," halafu kaliruka.

— Sijabisha hodi.

— Nimekusikia kwa masikio yangu, sijayaazima.

Nikakanyaga lile jiwe. Lo! Lilicheza chini ya mguu wangu nusura niende na maji. Akanidaka mkono.

— Pole. Hilo linacheza.

— Umejuaje? Limefunikwa na majani. Si ulisema hujawahi kukanyaga hapa?

— Nimekisia tu.

Nikanyamaza. Mimi ni msusi, kunyamaza si fani yangu. Lakini harusi ilikuwa imebaki wiki mbili, kadi zimeshagawiwa, nikaona bora nimeze.

Tukavuka daraja la mbao, tukapanda hadi kwenye magofu. Vyumba havina paa, mlango mmoja umesimama peke yake bila ukuta. Mimi nasoma vibao, yeye hata havitazami. Kwenye kijilango kifupi aliinama kabla hajakifikia. Huyu mtu kaja hapa si mara moja. Na nani?

— Simama hapo mlangoni nikupige picha, nikamwambia. Lete simu yako, yangu inatoa giza.

Akanipa. Nikapanda juu ya mnara uliobomoka ili nimpate na mto nyuma yake. Kule chini hakukuwa na mtandao hata wa dawa. Huku juu simu ikazinduka, ujumbe ukaingia. Umetoka kwa "Fundi Bomba".

Fundi Bomba nilimjua. Kila jioni anapiga, mchumba wangu anatoka nje kuongea naye. Nilikuwa namtania, "Kwani nyumbani kwenu mabomba yanapasuka kila siku?" Naye anacheka. Leo maneno yakajianika yenyewe kwenye kioo:

"Mwanangu, umeshamwambia? Mtoto amefunga nguo zake tangu jana. Miguu yangu haiwezi tena kumkimbilia. Leo sema ukweli."

Nikakaa juu ya mawe, nikausoma tena.

— Vipi, imetoka? akauliza kutoka chini.

— Imetoka vizuri sana. Panda uje uione.

Akapanda. Nikamwonyesha. Uso ukambadilika palepale.

— Fundi Bomba ni nani?

— Mama yangu.

— Na mtoto?

— Wangu. Ana miaka sita. Mama yake alifariki yeye hata kutambaa hajaanza. Analelewa na bibi yake, ng'ambo ya korongo hili, upande ule tulikotoka. Jumamosi namleta hapa kucheza.

— Zile Jumamosi za kazi za dharura?

— Ndizo.

— Mwaka mzima unanichezea akili! Kwa nini?

— Siku ile nilipokuja saluni kutengeneza taa, ulikuwa unamwambia mteja, "Heri nizeeke peke yangu kuliko kuwa mama wa kambo." Nikaogopa kusema. Halafu nikakupenda. Halafu nikawa nimechelewa.

— Unajua kwa nini nilisema vile! Nimekusimulia mwenyewe! Nilikuwa nakula mlangoni kwenye sahani ya bati, wenzangu wako mezani na mama yao. Nikaapa sitamfanya mtoto wa mtu ajione vile, na kama sina hakika na moyo wangu, bora nisimsogelee!

— Najua. Nisamehe.

— Hujui kitu! Wewe umemweka mtoto wako mlangoni kabla hata mimi sijafika! Sijamkosea lolote, tayari ameshafukuzwa kwa jina langu. Umenifanya niwe yule mwanamke!

Machozi yakanitoka, sikuyafuta. Nikavua pete, nikamkabidhi mkononi.

— Hakuna harusi.

Aliifumbata. Alikaa akalia kimyakimya, na ningempiga kofi kama simu isingeita. Fundi Bomba. Nikapokea mimi.

— Baba?

Sauti nyembamba. Nilitaka kukata, kidole kikagoma.

— Si baba.

— Ni wewe anti wa nywele?

— Nani kakwambia?

— Baba. Alisema utanisuka, lakini bado unaogopa. Mimi pia naogopa.

— Unaogopa nini?

— Kukusumbua. Bibi amenifundisha kuosha sahani yangu mwenyewe. Sitakusumbua, anti.

Jamani. Sahani!

— Anti, mmembishia hodi Babu?

— Babu gani?

— Lile jiwe la ngazini. Linacheza kama jino la bibi. Lazima ubishe ndiyo akuache upite.

— Baba yako amebisha. Mimi nimemkanyaga.

— Aa-aa, anti! Utaanguka! Rudi ukambishie!

— Sawa, mama. Nitambishia.

Nikakata, nikasimama, nikakung'uta gauni.

— Inuka. Tunakwenda kwa mama yako.

— Leo?

— Kwani unasubiri nife ndiyo nimwone? Leo.

— Umenisamehe?

— Nani kakutaja wewe? Nakwenda kumwona mtoto. Ya kwetu sisi wawili bado, na yatakuwa marefu. Kadi zitasubiri, na ndugu zako waseme watakavyo.

Akanyoosha mkono wenye pete.

— Itunze. Nitaivaa siku mtoto huyo atakapokula mezani kwetu, na sahani yake nimeiosha mimi.

Tukarudi, tukavuka daraja, tukaanza kupanda ngazi. Yeye nyuma, mimi mbele. Hasira ilikuwa bado imenikaa kifuani, na hofu pia, maana kumhurumia mtoto kwenye simu ni kitu kimoja, kuamka naye kila siku ni kingine. Nilijiuliza kama ninao huo moyo. Sikupata jibu.

Nikafika kwenye lile jiwe. Nikasimama. Nikaligonga kwa kisigino mara mbili.

— Hodi, Babu.

Nyuma yangu, sauti ya kukatika ikaitikia:

— Karibu, mama.