Siku Kudra Alipoitikia Jina la Mama

Kila asubuhi Kudra alipokwenda shuleni alipita mbele ya karakana ya vikapu, na kila asubuhi alisimama kidogo dirishani kumtafuta mama yake. Ndani, wanawake walikaa kwenye mabenchi wakichambua singa, yaani nyuzi nyeupe za mkonge. Kabla kazi haijaanza, msimamizi wao, Mzee Simeo, aliita majina kwa sauti nene kama anayeongoza kwaya. Alipofika kwa Hajira Sadala, mama yake Kudra alijibu, "Nipo." Hapo Kudra alikimbia kwenda shule, amefurahi kana kwamba ameitwa yeye.

Karakana hiyo ilikuwa Ngombezi, karibu na mji wa Korogwe. Mwenyewe alikuwa mwanamke kutoka Uganda, jina lake Nakato. Alikuwa mcheshi, naye alimwita kila mwanamke "nyabo", yaani mama kwa lugha ya kwao, hata wafanyakazi nao wakamgeuzia jina hilo wakamwita Mama Nyabo. Vikapu vyake viliuzwa nchi za mbali. Hajira alikuwa amefanya kazi pale tangu mwaka uliopita, na kwa kuwa baba yake Kudra alikwisha fariki, kazi hiyo ndiyo iliyowalisha.

Mwezi wa sita, shule zimefungwa, mambo mawili yalitokea katika wiki moja. Karakana ilipata oda kubwa kuliko zote, na Hajira akashikwa na homa ya matumbo. Daktari alimpa dawa na kumwandikia alale nyumbani mpaka apone. Hajira aliikunja ile karatasi akailalia. Homa hakuilalamikia. Alichokiogopa ni kupoteza kazi wakati huu ambapo kila mkono ulihitajika.

Bibi yake Kudra alikulia kwenye kambi ya wakata mkonge. Alisema jambo hilo halina ugumu. Zamani mtu akiumwa, ngwe yake, yaani kipande cha shamba alichopimiwa, ilimalizwa na ndugu au mtoto wake, na msimamizi hakuuliza kitu. Walimfikiria kwanza mama mdogo Maryamu wa Handeni, lakini yeye alikuwa katikati ya kuvuna mahindi. Ndipo Bibi akamtazama Kudra. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, mrefu kama mama yake, na kusuka alijua tangu mdogo.

"Utaweza, mjukuu wangu?" aliuliza.

Kudra alikuwa ameshasimama, anaitafuta aproni ya mama yake.

Asubuhi aliingia karakana moyo ukimdunda kwa furaha. Alikuwa amejifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi. Yusta, aliyekaa benchi moja na mama yake, alimwangalia juu mpaka chini.

"Hajira, ni homa gani hii inayomrudisha mtu usichana?" alisema. "Nami niambukize."

Wanawake walicheka. Mzee Simeo, ambaye alikulia kambi moja na Bibi, alikohoa, akaangalia pembeni, na asubuhi hiyo hakuita majina. Kudra akaanza kusuka. Singa zilimkata vidole, lakini hakujali. Kikapu kilipanda mkononi mwake kama kitu kilicho hai. Mama Nyabo alipita mbiombio, akakiinua, akaugeuza ukingo wake na kusema kwamba hicho atakitumia kama mfano kwa wateja. Kudra aliinamisha uso, lakini tabasamu lilimshinda.

Kabla ya saa ya chai gari jeupe likasimama nje. Yusta alichungulia, akamnong'oneza kwamba huyo ni afisa kazi kutoka Tanga, Bi Loveness, na kwamba akikuta kosa anaweza kuifunga karakana yote. Vidole vya Kudra vilisimama.

Bi Loveness alisalimia watu vizuri, kisha akamwomba Mzee Simeo aite majina ili amwone kila mmoja. Sauti ya Mzee Simeo leo haikuwa ya kwaya.

"Hajira Sadala."

Yusta akamkanyaga mguu. Kudra alisimama. Neno "nipo" lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Alijua kwamba akilitoa, pengine mama atabaki na kazi yake. Asipolitoa, pengine wote wataikosa. Kisha akamwona Mama Nyabo amesimama na kile kikapu mkononi, akimtazama kwa fahari, hana habari ya lolote.

"Shikamoo, mama," Kudra alimwambia afisa. "Mimi siyo Hajira. Hajira ni mama yangu, anaumwa. Nimekuja kumshikia nafasi ili asifukuzwe."

Tabasamu la Mama Nyabo likapotea. Bi Loveness alimwita Kudra, akamuuliza umri wake, akavitazama vidole vilivyokatwakatwa. Mzee Simeo alivua kofia, akakiri kwamba alijua. Afisa alisema wazi kwamba sheria ya Tanzania hairuhusu mtoto wa umri huo kuajiriwa, na kwamba ajira ya mtu si ngwe ya kumaliziwa na ndugu. Kwa kuwa ukweli umesemwa mapema, angetoa onyo na hangefunga karakana. Kisha akainama kidogo.

"Nani alimwambia mama yako kwamba atafukuzwa?"

Kudra alifikiri. "Hakuna," alisema. "Tulijua tu."

Bi Loveness akamgeukia Mama Nyabo, akamuuliza mfanyakazi akiugua inakuwaje.

"Anapumzika, na mshahara wake unaendelea," alijibu Mama Nyabo. "Nilizisoma sheria zote kabla ya kuajiri mtu, kwa sababu hapa mimi ni mgeni."

"Na hawa uliwaeleza?"

Mama Nyabo alitikisa kichwa. Alidhani kwa kuwa wao ni wenyeji, wanazijua.

Pamoja na wingi wa oda, kazi ilisimama. Wanawake walikusanyika, wakaelezwa habari ya likizo, ya uzazi, ya ugonjwa. Maswali yalimiminika. Yusta aliuliza kama kuudhiwa na mume nako kunahesabiwa kuwa ugonjwa, na hata afisa akacheka.

Mchana Mama Nyabo alimrudisha Kudra nyumbani. Hajira alijaribu kuinuka aombe radhi, lakini Mama Nyabo alimlaza, akaiomba karatasi ya daktari, akasema hiyo tu ndiyo iliyohitajika. Bibi naye akakubali kwamba mambo ya kambi yamepitwa na wakati.

"Kudra," alisema Mama Nyabo, "kumsaidia mama ni jambo jema, lakini msaada uliojengwa juu ya uongo ungetuangusha sote. Ukweli wako ndio uliotuokoa. Usiogope jambo kabla hujauliza. Na mimi nimekosa pia. Haki ambayo mtu haijui ni sawa na chakula kilichofungiwa kabatini. Mwenye njaa hakimsaidii."

Shule zilipofunguliwa, Kudra alisimama tena dirishani, vidole vimepona. Ndani, Mzee Simeo alikuwa ameirudia sauti yake ya kwaya.

"Hajira Sadala."

"Nipo," mama alijibu, kwa nguvu kuliko zamani, akapunga mkono dirishani. Kudra akaweka mkoba begani, akakimbia, kwani huko mbele nako kulikuwa na mwalimu aliyekaribia kuita jina lake mwenyewe.