Nyongeza Aliyopewa Jirani

Kila asubuhi Aurelia huwasha moto kabla ukungu haujatoka kwenye vilima vya Litembo. Anabandika maji ya chai, anakanda unga wa maandazi, kisha anafungua mlango wa mgahawa wake. Mgahawa uko kando ya njia ya kwenda hospitali. Wateja wake ni ndugu wa wagonjwa, waendesha bodaboda na wakulima wa kahawa. Asubuhi wanataka chai. Mchana wanataka kitu kimoja tu, ugali kwa usipa.

Usipa ni samaki wadogo wa Ziwa Nyasa. Aurelia huwakaanga kwa nyanya na kitunguu mpaka harufu inavuka barabara. Mume wake, Salvatory, analima kahawa. Lakini kahawa huleta fedha mara moja kwa mwaka, na watoto wanakula kila siku. Daftari za shule, sabuni, chumvi, vyote vinatoka kwenye sufuria ya usipa. Bila usipa, mgahawa ule ni kibanda cha chai tu.

Ng'ambo ya barabara kuna mgahawa wa Scholastica. Scholastica ni mkubwa kwa Aurelia. Wanaimba kwaya moja na wanaazimana masufuria. Ukiwaona kanisani utasema wamezaliwa tumbo moja. Lakini mimi siwafichi, Aurelia alikuwa na kijicho. Akiona pikipiki zimeegeshwa kwa Scholastica, anazihesabu. Scholastica aliponunua viti vya plastiki, Aurelia alilalamika kichwa kinamuuma. Kichwa kilikuwa kizima. Kilichouma ni roho.

Wote wawili walinunua usipa kwenye simu. Zamani walinunua kwa walanguzi, na usipa wa walanguzi ulikuwa na mchanga. Siku hizi kuna soko la kwenye simu linaloitwa Mnada Kiganjani. Muuzaji anaweka picha ya gunia lake. Wanunuzi wanapandisha bei, huyu anataja yake, yule anaongeza. Muda ukiisha, aliyetaja bei ya juu anashinda. Analipa kwa simu, na mzigo unapakiwa kwenye basi.

Mzigo ukifika, mnunuzi anampa muuzaji nyota, kuanzia moja hadi tano. Anaandika na maoni yake. Muuzaji naye anampa mnunuzi nyota na maoni. Kila anayefungua soko hilo anaweza kuyasoma.

Muuzaji wao alikuwa Mwanakombo wa Mbamba Bay, kule ziwani. Mama huyu aliuanika usipa wake juu ya vichanja, si mchangani. Ulifika mkavu, mweupe, unang'aa. Wengi walimpenda.

Siku moja magunia mawili ya Mwanakombo yalifika Litembo kwa pamoja, yamechelewa kidogo njiani. Moja la Aurelia, moja la Scholastica. Aurelia alifungua lake. Lilikuwa limejaa na usipa ulikuwa safi. Alifurahi, akachukua simu ampe Mwanakombo nyota zake. Hapo ndipo alipoona maoni ya Scholastica.

Scholastica alikuwa ametoa nyota tano. Aliandika: "Usipa safi. Na mbasa wawili wakubwa wa nyongeza! Asante sana, mama." Chini yake aliweka picha. Mbasa wawili, wale samaki wakubwa wa ziwani, waliobanikwa, wanene, wamelala juu ya sinia.

Sasa lazima mwelewe jambo moja. Kule ziwani, ukinunua usipa kwa bakuli, muuzaji akishapima anatia mkono, anakuongezea kidogo. Hiyo ndiyo nyongeza. Asiyetoa nyongeza huonekana mchoyo. Aurelia alikuwa amekwenda ziwani mara nyingi na alizoea hivyo. Alirudi kwenye gunia lake. Alitia mkono mpaka chini. Alimwaga usipa wote kwenye mkeka. Hakukuta mbasa, wala mkia wa mbasa.

Loo, roho ilimuuma. Usipa uleule uliomfurahisha sasa hakutaka hata kuutazama. Alimwonyesha Salvatory picha. Salvatory alimuuliza kama gunia lake lilipungua. Aurelia alisema halikupungua. Salvatory akamuuliza kama usipa wake ulioza. Akasema haukuoza.

"Basi unalia nini?" Salvatory alisema.

"Nalia kwa sababu yeye kapewa na mimi sikupewa," alijibu Aurelia.

Angalau hapo alisema kweli. Kwenye simu hakusema kweli. Hakumpigia Mwanakombo. Hakumuuliza chochote. Alimpa nyota moja, akaandika: "Muuzaji huyu ni mchoyo na mbaguzi. Watu wake anawapa samaki wakubwa, sisi wengine anatuona takataka. Msinunue kwake." Alipomaliza alijisikia vizuri, kama mtu aliyekunwa mgongoni.

Mwanakombo naye hakuwa mtu wa kumeza maneno. Aliposoma, mori ulimpanda. Hakumuuliza Aurelia kulikoni. Alimpa nyota moja, akaandika: "Mnunuzi huyu ni mgomvi na ana tamaa. Ukimpa ziwa zima atauliza nyongeza iko wapi. Wauzaji wenzangu, mkimbieni."

Watu wengi walicheka waliposoma. Wao wawili hawakucheka kwa muda mrefu. Mpishi wa shule moja ya bweni, aliyezoea kununua kwa Mwanakombo, aliona ile nyota moja akahamia kwa muuzaji mwingine. Bei za magunia ya Mwanakombo zikashuka.

Kwa Aurelia mambo yalikuwa mabaya zaidi. Usipa wake ulipokaribia kwisha, aliingia mnadani kwa muuzaji mwingine. Simu ikamjibu kwamba muuzaji hapokei bei yake. Akajaribu kwa mwingine, jibu likawa lilelile. Wauzaji walikuwa wamesoma maoni ya Mwanakombo, wakamfungia mlango. Nani anataka mteja wa kumchafulia jina?

Aurelia alianza kupika maharage. Kesho maharage, keshokutwa maharage. Wateja ni watu wa adabu, walikula mara ya kwanza na ya pili. Halafu wakaanza kuvuka barabara. Aurelia aliwaona wakiketi kwenye vile viti vya plastiki. Alisonga ugali mdogo, na bado ulibaki. Alianza kusema huenda akafunga mgahawa.

Mchana mmoja alikwenda kisimani. Aliporudi, akamwona mwanamume anatoka kwa Scholastica, anapangusa midomo kwa kiganja. Alikuwa Salvatory. Baba wa watoto wake!

Aurelia aliweka ndoo chini. Alivuka barabara bila kutazama kulia wala kushoto. Salvatory alitaka kusema kitu, lakini harufu ya usipa ilikuwa imeshasema yote. Aurelia alimpita, akaingia ndani mpaka jikoni, na hakumwamkia Scholastica.

"Mbasa umepewa wewe," alisema. "Wateja umepewa wewe. Sasa na mume nikuachie?"

Wateja waliacha kutafuna. Scholastica alikuwa anageuza ugali. Aliweka mwiko chini, akamtazama mwenzake.

"Mume wako kala sahani moja na kalipa," alisema. "Mchukue. Lakini hao mbasa unaowasema ni wepi?"

"Wale wa nyongeza. Uliowapiga picha ili watu tukuone."

Scholastica aliondoa sufuria motoni. Kisha alimwita Aurelia uani, mbali na masikio ya wateja. Alifungua simu yake, akamwonyesha ujumbe aliomwandikia Mwanakombo faraghani, mahali ambapo wanaosoma ni muuzaji na mnunuzi peke yao.

Kulikuwa na picha. Aurelia alitegemea kuona samaki wazuri. Aliona usipa mweusi, wenye ukungu, umegandamana. Chini yake Scholastica alikuwa ameandika kwa heshima kwamba mvua iliingia kwenye gunia njiani, sehemu ya chini imeoza, naye ameitupa. Aliomba Mwanakombo amwambie watafanyaje. Mwanakombo alijibu kwa kuomba radhi. Aliahidi kumfidia katika mzigo utakaofuata. Na mzigo ulipofuata, ulikuja na mbasa wawili.

"Kwa hiyo haikuwa zawadi," Aurelia alisema polepole.

"Zawadi gani? Nilitupa usipa jalalani, kuku wakagombania. Wale mbasa ni fidia yangu."

Aurelia alikosa pa kuweka uso. Alikuwa amemwonea mwenzake wivu kwa hasara. Aliuliza kwa nini Scholastica hakuandika mambo hayo hadharani.

"Hapo nami nilikosea," alisema Scholastica. "Nilitaka kuringa kidogo. Ningeandika kwamba mzigo wa kwanza uliharibika na huyu mama akanifidia, watu wangejua ni mwaminifu kweli. Nusu ya habari ndiyo iliyokuchoma wewe."

Walikaa kwenye benchi. Scholastica alimweleza alivyojifunza. Mzigo ukiwa na kasoro, mwambie muuzaji kwanza, faraghani, na mtumie picha. Mpe muda wa kujibu, maana ziwani mtandao hukatika. Akirekebisha, andika hivyo. Akikataa kurekebisha, hapo una haki ya kuandika hadharani, na usiogope. Lakini andika kuhusu mzigo. Ulifika lini, ulikuwa na hali gani, ulilingana na picha au la.

"Wewe uliandika mchoyo, mbaguzi," alisema. "Hebu niambie, anayetaka kununua usipa atajifunza nini hapo?"

"Atajifunza kwamba nina hasira," alisema Aurelia.

"Hilo tu. Na nyongeza si deni. Kwenye picha aliweka gunia, ukapata gunia. Ulipewa ulichonunua."

Aurelia aliuliza kama ampe Mwanakombo nyota tano ili naye amrudishie tano, yaishe. Scholastica alikataa. Nyota za kubadilishana ni uongo, alisema, na atakayeumia ni mnunuzi mwingine anayeziamini. Mpe anazostahili kwa gunia lile. Kisha alimwonyesha kwamba soko lile linaruhusu mtu kurekebisha maoni yake.

Jioni ile Aurelia alipiga moyo konde, akampigia Mwanakombo. Alimwamkia, kisha akajitaja jina.

"Mama, gunia lako lilikuwa jema," alisema Aurelia. "Nilimwonea wivu jirani yangu, nikakutupia wewe matope. Naomba unisamehe."

Mwanakombo alishusha pumzi. "Mwenzangu," alisema, "mimi nina watoto, nakula kwa jina langu. Uliposema watu wasinunue, kuna aliyeniuliza mimi? Hapana, walikusikia wewe. Mpishi wa shule kanikimbia. Nililia." Halafu akaongeza kwa sauti ya chini, "Lakini nami ilinipasa kukuuliza kabla ya kukutukana. Hayo ya ziwa zima niliyasema kwa uchungu."

Waliongea mpaka salio la Aurelia likaisha. Mwanakombo akampigia yeye, wakamalizia.

Aurelia alirekebisha maoni yake. Aliandika: "Gunia lilijaa, usipa ulikuwa mkavu na safi, kama kwenye picha. Maoni yangu ya kwanza hayakuwa ya haki. Namwomba radhi muuzaji." Hakumpa nyota tano. Alimpa nne, maana gunia lilichelewa njiani, na hilo nalo aliliandika. Mwanakombo hakukasirika. Alijibu hadharani kwamba ni kweli, na kwamba sasa anatumia basi linaloondoka mapema. Yule mpishi wa shule aliyasoma hayo yote. Alirudi. Alisema muuzaji anayekubali kosa lake ndiye anayemtaka.

Mwanakombo alimfungulia Aurelia mlango wa mnada wake. Usipa ulirudi mgahawani, na harufu ikavuka barabara tena. Salvatory alikuwa wa kwanza kuketi, macho kwenye sahani. Aurelia alimpa mkia wa usipa na ugali mwingi. Siku iliyofuata alimhurumia.

Baadaye kidogo gunia moja lilifika limechanika pembeni, na usipa umepungua. Aurelia alipiga picha. Alipotaka kwenda kwenye nyota, alijizuia. Akaandika ujumbe faraghani. Mwanakombo akajibu, akaahidi kujazia pungufu, na akajazia. Aurelia akaandika yote hadharani, mchaniko na fidia yake.

Ndipo Mwanakombo alipofuta maoni yake ya zamani kuhusu Aurelia, akaandika mengine. Aurelia alipoyaona, hakuweza kukaa. Alivuka barabara na simu mkononi, akamsomea Scholastica.

"Nyota tano. Mama Aurelia wa Litembo na mimi tulikoseana, tukaelewana. Analipa mapema. Mzigo ukiwa na kasoro ananiambia mimi kwanza, kwa lugha nzuri. Akisema usipa ni mzuri, mwaminini. Ni mteja wa kujivunia."

Scholastica aliomba simu, akasoma mwenyewe. Akasoma tena. Akairudisha.

"Mimi nilianza kununua kwake kabla yako," alisema.

"Ndiyo, dada."

"Mimi kaniandikia 'mteja mzuri'. Basi."

Aurelia alimtazama usoni. Aliitambua ile hali mara moja, midomo iliyobanwa, macho yanayokwepa. Angeweza kufurahi, na ukweli alifurahi kidogo. Kisha aliona Scholastica anachukua simu yake mwenyewe na kulifungua soko. Aliketi karibu naye, akamshika mkono taratibu.

"Mpigie kwanza, dada," alisema. "Usiandike kitu."