Antena Haing'oki

Kila siku alasiri, Pinja akitoka shule, hakuingia kwao ghorofa ya kwanza. Alipanda moja kwa moja hadi ya tatu kwa jirani yao mzee, Bibi Hellevi, akavua viatu mlangoni, akachemsha kahawa, kisha wakaketi pamoja mbele ya televisheni. Bibi Hellevi alikuwa na miguu mibovu. Majira ya baridi, theluji ilipoganda kwenye barabara za mji wa Kajaani, aliweza kukaa wiki mbili bila kukanyaga nje. Televisheni ndiyo iliyomletea dunia nyumbani.

Agosti hiyo ya mwaka 2007 mji mzima ulishikwa na wazimu mmoja. Matangazo ya televisheni ya mfumo wa zamani, analojia, yangezimwa Finland nzima tarehe mosi Septemba, na asiyekuwa na king'amuzi angebaki anakodolea kioo cheusi. Basi kila mtu akageuka muuzaji! Duka la vifaa vya ujenzi liliuza ving'amuzi, kituo cha mafuta kiliuza, na kila kampuni iliapa kwamba wenzake ni matapeli. Pinja, mwenye miaka kumi na miwili, alimnunulia Bibi Hellevi cha bei nafuu kisichohitaji kadi. Akakiunga mwenyewe kwenye waya wa antena ya paa. Kikashika papo hapo.

"Lo, picha safi namna hii!" Bibi akashangaa. "Kumbe yule mtangazaji ana makunyanzi kama yangu!"

Jumapili, Bibi akiwa amelala, akabisha hodi Jarkko, wakala wa kampuni ya televisheni ya kebo. Alichungulia sebuleni, akaiona ile picha, uso ukamshuka. Kisha akatabasamu na kutoa boksi la chokoleti.

"Binti mwerevu, hii yako. Ila hilo la king'amuzi tusiwachanganye nalo wazee kabla ya mkutano wa kesho. Sawa?"

Pinja akalipokea. Akaila chokoleti yote chini ya ngazi, peke yake.

Jumatatu jioni, wenye nyumba wa jengo lile walikutana chini, kwenye chumba cha mikutano. Pinja alimshika Bibi mkono kwenye ngazi, akaketi karibu naye. Jarkko akaanza kuwapaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Antena yenu imechakaa, wapendwa. Haishiki dijitali hata mkiibembeleza. Tutaing'oa, tutawaletea kebo, na kila nyumba itasaini mkataba wa miaka mitatu."

Pinja akapiga hesabu. Antena iking'olewa, king'amuzi cha Bibi kitabaki pambo la kabati. Na pensheni ya Bibi, ambayo haikutosha hata dawa za miguu, ingelipaje kebo kila mwezi? Bibi angekaa gizani, na chokoleti ilikwisha kuliwa.

Watu kumi na sita waliinamia vikombe vyao vya kahawa. Ndivyo walivyo watu wa pale: kusema mbele ya wenzao ni taabu tupu, na kwenye mikutano yao asiyesema amekubali. Kila mmoja alidhani jirani yake anaitaka hiyo kebo. Mwenyekiti, Mzee Raimo, akainua kinyundo chake cha mbao.

"Hakuna anayepinga?"

"Mimi napinga!"

Vichwa vyote vikageuka.

"Pinja, mtoto hana kura hapa," alisema Mzee Raimo. "Keti."

"Siketi!" Na hakuketi ng'o. "Antena inashika! Jarkko ameona kwa macho yake kwa Bibi Hellevi. Alinipa chokoleti ninyamaze, na mimi nikaila. Yote!"

Jarkko akacheka. "Jamani, mnamsikiliza mtoto wa kutazama katuni? Binti, nenda kalale."

"Kalale wewe!" Bibi Hellevi akafoka. "Yeye ana maneno, mimi nina kura. Napinga! Na asiyeamini apande kwangu akaone."

Wakapanda wote. Viatu vikarundikana mlangoni, sebule ikajaa watu wenye soksi. Pinja akabonyeza rimoti, stesheni zikapita moja baada ya nyingine, safi kabisa.

"Hayo ni mawimbi ya zamani tu," Jarkko akasema.

"Thubutu!" Pinja akamkatiza. "King'amuzi hiki hakisomi mawimbi ya zamani. Mzee Raimo, chomoa waya wa antena."

Mzee Raimo akauchomoa. Picha ikapotea. Akauchomeka, ikarudi. Jarkko alikuwa tayari ameinama kwenye lile rundo, akitafuta viatu vyake.

Wakapiga kura palepale, wamesimama: antena haing'oki. Lakini Pinja hakuweza kumtazama Bibi usoni.

"Nisamehe, Bibi. Nilipaswa kukwambia jana."

"Ndiyo, ulipaswa kuniambia jana. Sitakudanganya kwamba hukukosea," Bibi alisema, akamvuta karibu. "Ila umelitoa mwenyewe, mbele ya watu. Nimekusamehe."

Mzee Raimo akamwekea Pinja mkono begani, kisha akawageukia majirani zake.

"Mwongo hashindi kwa sababu ni hodari. Anashinda kwa sababu wanaojua ukweli wanaona haya kuusema. Pinja alihongwa, akanyamaza siku moja. Sisi watu wazima tungenyamaza miaka mitatu, tena bure."